Kabla ya Kununua Chombo cha Umeme Tabora, Piga Hesabu ya Chaji

Anayekuja kukuuzia pikipiki au bajaji ya umeme ataanza na mwendo wake, ukimya wake, na jinsi utakavyosahau habari ya kumwaga oili. Msikilize mpaka mwisho, maana mengi anayoyasema ni kweli. Kisha muulize: nitachaji wapi, kwa shilingi ngapi, na betri itakuwa ya nani? Chombo ni kilekile kiwe Kariakoo au kiwe Isevya. Kinachotofautiana ni huduma ya chaji, na kwa mtu wa Tabora faida yote imo humo, hasara nayo pia.

Waliosafiri kuja Tabora zamani walilielewa jambo hili vizuri. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulipangwa kwa kufuata maji na chakula. Ukishalipa hongo kwa watemi wa Ugogo, mbele yako kulikuwa na pori la Mgunda Mkali, na wapagazi wa Kinyamwezi hawakuliingia bila kujaza vibuyu na kufungasha posho, kwa sababu mpaka wafike Tura hawakuwa na uhakika wa kupata kitu. Leo lami ya Manyoni, Itigi hadi Tabora inapita pande hizohizo, pamoja na kile kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilichosubiriwa muda mrefu. Dereva wa petroli anakipita bila kuwaza. Dereva wa umeme lazima ajue anakojazia kabla hajaondoka, kama mkuu wa msafara wa enzi zile.

Mimi naamini umeme unaifaa Tabora kuliko unavyoifaa Dar es Salaam, na sababu yake ni ya bei tu. Mafuta yanashushwa pwani na kusafirishwa kwa malori, kwa hiyo bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi huwa juu zaidi huku kwetu, na ukisogea Kaliua au Ulyankulu zinapanda tena. Bei ya umeme wa TANESCO ni moja nchi nzima. Uniti ya Ipuli ni sawa na uniti ya Mikocheni. Kadiri ulivyo mbali na bandari, ndivyo umeme unavyokuokolea fedha nyingi zaidi.

Tuchukue bodaboda wa mjini anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki ya petroli ikienda kilomita 45 kwa lita, na lita ikiwa shilingi 3,000, anatumia kama 8,000 kwa siku, yaani 208,000 kwa mwezi. Kila kilomita inamgharimu karibu shilingi 67. Weka bei ya lita ya mwezi huu mahali pa hiyo 3,000 upate yako. Pikipiki ya umeme ya ukubwa huo hutumia takribani uniti 4 kwa kilomita 100, ukihesabu na ule umeme unaopotea kwenye chaja. Kwa siku ni uniti 4.8, kwa mwezi kama 125.

Sasa hizo uniti 125 zinauzwaje? Chukua simu yako ufungue ujumbe wa LUKU. Usitumie ule wa manunuzi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu umekatwa kodi ya jengo. Tumia wa pili au wa tatu. Ukiona shilingi 1,000 imekupa uniti 8 na kidogo, uko kwenye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani. Ukiona imekupa uniti 2.8, uko T1. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 na ya T1 ni 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, zinakuwa 122 na kama 356.

Wengi hukosea hapa. Mwenye D1 hupiga hesabu kwamba atachaji kwa 122, kisha anashangilia. Lakini D1 ina mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo inauzwa 350 kabla ya kodi, yaani 427 mfukoni, na ukizidisha mwezi baada ya mwezi unahamishiwa T1 moja kwa moja. Familia iliyokuwa inatumia uniti 50 kwa shilingi 6,100, ikiongeza pikipiki inafika uniti 175. Ikiwa T1, italipa karibu 62,300. Ongezeko ni 56,200, kwa uniti 125 tu za pikipiki. Kwa maneno mengine, chaji ya nyumbani imekugharimu kama shilingi 450 kwa uniti, kwa kuwa hata taa, pasi na friji ya mama watoto vimepandishwa bei. Bado ni robo na kidogo ya gharama ya petroli, kwa hiyo usikate tamaa. Ila ukija kukuta kituo cha umma kinauza uniti kwa 500, usikimbie ukisema ni wezi, kwa sababu tofauti yake na nyumbani kwako ni shilingi 50. Na kama nyumba ni ya kupanga na mita ni moja kwa wapangaji wote, zungumza na mwenye nyumba na wenzako kabla ya kuleta chombo. Ugomvi wa LUKU umeshavunja ujirani wa watu wengi kwa friji moja tu, sembuse pikipiki.

Baada ya umeme kuna betri, ambayo ndiyo gharama iliyojificha. Bajaji nyingi za bei nafuu huja na betri za asidi na risasi. Hizo huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na kwa anayechaji kila siku ni mwaka mmoja au zaidi kidogo. Betri za lithiamu za aina ya LFP huvumilia mara 2,000 na zaidi kwa maelezo ya watengenezaji wake, lakini bei yake ni kubwa na jua letu la Septemba na Oktoba haliisaidii. Fanya hivi: uliza bei ya betri mpya, uigawe kwa kilomita unazotarajia mpaka itakapochoka. Tuseme betri ni shilingi milioni 1.5 na itakupa kilomita 80,000. Ni shilingi 19 kwa kila kilomita. Ongeza umeme wa nyumbani, shilingi 18 kwa kilomita kwa hesabu ile ya juu, jumla 37. Petroli ni 67. Tofauti ya shilingi 30, kwa kilomita 3,120 za mwezi, ni zaidi ya 93,000. Hiyo ndiyo faida halisi ya mwenye betri yake, na ni ndogo kuliko ile utakayoambiwa dukani, kwa sababu dukani betri haihesabiwi.

Anayekataa mzigo wa betri hujiunga na mpango wa kulipia. Nchi jirani zimeshaonyesha namna tatu za kulipa, na kila moja ina mtu inayemfaa.

Ya kwanza ni kulipia umeme ulioutumia. Kampuni ya Ampersand ilianza hivyo Rwanda mwaka 2019: dereva anarudisha betri iliyopungua, anapewa iliyojaa, na analipia kiasi kilichotumika. Ya pili ni kulipia kilomita. BasiGo wa Kenya walianza nayo mwaka 2022 kwenye mabasi ya Nairobi, mwenye basi akilipa kwa kila kilomita na kampuni ikibeba betri, chaji na matengenezo yake. Ya tatu ni ada ya siku au ya mwezi, ubadilishe betri mara nyingi au mara chache, ada ni ileile.

Kwa Tabora naipenda ya kwanza, ya pili naikubali, na ya tatu naiogopa. Kazi ya hapa ina misimu. Tumbaku inapouzwa fedha zinatembea, kila mtu anapanda boda, na kijana anaweza kuchosha betri mbili kwa siku. Masika yakikolea, abiria wanapungua, barabara za Kakola na Ndevelwa zinageuka matope, na dereva mwenyewe ana shamba la mahindi au karanga la kulima. Ada ya kila siku haijui kwamba leo ulikuwa shamba au ulikuwa umelaza mtoto hospitali ya Kitete. Vijana wenye pikipiki za mkataba wanaifahamu vizuri adha ya kupeleka hesabu kwa bosi siku ambayo hukupata abiria. Ukiunganisha hesabu ya bosi na ada ya betri, una watu wawili wanaokudai kila jioni. Kama mpango uliopo ni wa ada tu, dai siku za mapumziko ziandikwe kwenye mkataba, au uwe na haki ya kusimamisha huduma mwezi mzima kwa taarifa ya mapema.

Namna ya kupima mpango wowote ni moja: shilingi ulizolipa kwa wiki, ugawe kwa kilomita ulizotembea kwa wiki hiyo. Ikija chini ya 45, chukua, kwa sababu umeokoa petroli na hofu ya betri si yako tena. Ikija kati ya 45 na 60, fikiria. Inategemea kituo kiko karibu kiasi gani na kijiwe chako. Ikizidi 60, baki na petroli yako kwa sasa.

Usipime kwa asilimia inayoonekana kwenye kioo cha pikipiki. Betri iliyochoka nayo huonyesha 100 asubuhi. Nilisimama na kijana mmoja karibu na stendi akanionyesha daftari dogo analoliweka chini ya kiti: kila akibadilisha betri anaandika namba yake na kilomita za dashibodi. Betri moja ilimpa kilomita 71, nyingine ikamkatia njiani kabla ya 50, na alilipia sawa. Alipokwenda kulalamika na daftari mkononi alisikilizwa. Kila anayejiunga na mpango wa kubadilisha betri awe na daftari la namna hiyo.

Kisha angalia ramani ya safari zako, siyo ramani ya kampuni. Betri nyingi za pikipiki hutoa kilomita 70 hadi 80 kwenye lami. Kutoka mjini mpaka Sikonge ni kama kilomita 70, na Urambo ni kama 90. Kwenye mchanga wa Uyui, ukiwa na abiria na gunia, hizo 70 zinapungua sana. Kama vituo vyote viko mjini, umenunua chombo cha mjini. Kwa anayezunguka Gongoni, Ng'ambo, Cheyo na hospitali, ni biashara nzuri kabisa. Kwa anayebeba asali na tumbaku kutoka vijijini, asubiri mpaka kituo kiwepo upande wa pili wa safari, au achague chombo ambacho betri yake inachajika kwenye soketi ya kawaida. Kampuni nyingine hufunga betri zao zisikubali chaja yoyote isipokuwa yao. Kampuni ikifunga ofisi au ikihamia mji mwingine, unabaki na pikipiki isiyowaka. Swali hili liulizwe kabla ya kulipa hata senti moja: je, naweza kuchaji betri hii nyumbani?

Kuhusu umeme kukatika, hali imekuwa bora kuliko miaka ya nyuma. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, na shida ya nchi imehama kutoka uhaba wa umeme kwenda kwenye nyaya na transfoma. Kwa mtaa wa pembezoni maana yake ni umeme mdogo saa mbili usiku, wakati kila nyumba inapika na kuangalia taarifa ya habari. Chaji baada ya saa nne. Usichajie betri chumbani mnapolala wala karibu na jiko la mkaa. Lithiamu ikiwaka, ndoo ya maji haiimalizi. Soketi ikipata moto ukiigusa, mwite fundi mwenye leseni.

Sasa nizungumze na wenye mitaji, maana nao wanaulizana kama wafungue vituo.

Wazo linalokuja haraka ni chaja kubwa ya magari, ile ya kW 60 inayojaza gari kwa muda wa chakula. Ina mvuto wake, nami naiona ikihitajika siku moja. Lakini piga hesabu. Ukinunua uniti kwa 356 na kuuza kwa 600, unabaki na 244. Gari likichukua uniti 30, ni 7,320. Magari matano kwa siku ni kama milioni 1.1 kwa mwezi, kabla ya mlinzi, intaneti na mkopo. Tuseme chaja, transfoma na umeme wa njia tatu vimekula milioni 100. Utairudisha kwa miaka saba na nusu, na hayo magari matano lazima yaje kila siku. Jiulize umeona magari mangapi ya umeme Tabora wiki hii. Na ukifanikiwa ukavuka uniti 7,500 kwa mwezi, unahamia T2: umeme unashuka hadi 195 kwa uniti kabla ya kodi, ila unatozwa pia 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha matumizi yako ya mwezi, hata kama kilele hicho kilidumu kwa muda mfupi. Halafu kuna suala la plagi. Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani zina plagi ya CHAdeMO, magari mengi ya Kichina yana GB/T, ya Ulaya yana CCS2. Ukiweka aina moja, wengine watakupita.

Kinacholipa leo ni kitu kidogo zaidi. Eneo lenye kivuli, soketi kumi nzuri, mita moja ya T1, na mama ntilie jirani. Bajaji ikisimama mchana ikachukua uniti 5 unabaki na 1,220. Bajaji ishirini kwa siku ni 24,400, na mtaji wake ni wa milioni chache ambazo SACCOS inaweza kuzitoa. Dereva anakula, chombo kinajaa, hakuna foleni. Walioweka mfumo wa gesi kwenye magari Dar es Salaam wanajua foleni ya kituo inavyokula muda wa kazi hata kama gesi yenyewe ni rahisi. Kwa hiyo ni afadhali vituo vidogo vitano kuliko kikubwa kimoja.

Kwa magari, anayefaa kuanza ni mwenye hoteli au gesti. Gari kutoka Itigi limetembea kama kilomita 220 na kutumia takribani uniti 37, na dereva wake amechoka, analala. Soketi ya kW 7 yenye laini yake peke yake, isiyochangia na ya vyumba, itampa uniti zaidi ya 50 hadi alfajiri. Mgeni huyo atachagua kulala kwako. Mtoze kwa uniti, usimtoze kwa usiku, ili asione ameonewa. Na wa Itigi nao wasikae kimya: Leaf ya zamani yenye betri ya uniti 24 haifiki Tabora kutoka kwao bila kujaza njiani. Kituo cha Tura au Chaya kitakuwa na thamani kuliko cha tatu cha mjini.

Madiwani wetu wana kazi mbili. Moja ni kutenga maeneo: pale stendi, sokoni, na zaidi karibu na stesheni ya SGR, kwa kuwa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kile cha kwenda Isaka na kile cha kwenda Kigoma vyote vinakutana hapa, na abiria wa treni ya umeme watahitaji bajaji za kuwafikisha mjini. Wasimpe mtu mmoja maeneo yote kwa mkataba wa miaka mingi. Akiwa peke yake, bei ni yake. Kazi ya pili ni kwenda kwenye mikutano ya taftishi ya EWURA na kusema. Kenya, mwaka 2023, mdhibiti wao EPRA aliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo, shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake saa ambazo matumizi ni madogo. Bei zetu za 2016 hazikuwa na kundi la namna hiyo. Uniti ya usiku ikishuka, kijana wa Chemchem anafaidika, na TANESCO wanauza umeme wa bwawa saa ambazo watu wamelala.

Ukishaamua kuingia, mkataba uwe wa Kiswahili na uusome ukiwa umekaa, siyo juu ya tangi. Utafute mambo haya: bei inaweza kupandishwa mara ngapi kwa mwaka na kwa taarifa ya siku ngapi, betri ikipotea au ikiibwa nani analipa, na shilingi ngapi, ikitoa chini ya kilomita fulani una haki ya kubadilishiwa bure, na ukitaka kuacha, unarudishiwa amana yako ndani ya muda gani. Lisiloandikwa halipo, hata kama msemaji ni shemeji yako. Nakala moja baki nayo, nyingine mpe katibu wa kijiwe, na kabla ya kutia saini mwombe muuzaji akuachie chombo kwa wiki moja ukitumie kwenye njia zako mwenyewe, ukiwa na abiria wako na daftari lako.